Nimepata 635 kwenye GMAT, je, niachane na chuo chenye wastani wa 730?

Swali: Nimefanya GMAT, mtihani wa kuombea MBA (shahada ya uzamili ya biashara), mwezi uliopita nikapata 635: Hesabu 82, Lugha 83, Uchambuzi wa Data 79. Chuo ninachokitamani kinaandika kwamba wastani wa darasa lake la MBA ni 730, na asilimia 80 ya katikati wako kati ya 690 na 770. Mshauri niliyemlipa amesema nisijisumbue, kwamba nimepungukiwa pointi 95, akanipa orodha ya vyuo kumi na viwili "vya saizi ya 635". Nina shahada ya sosholojia na miaka mitano kazini katika ununuzi. Nirudie mtihani au nifuate orodha?

Jibu: Hizo pointi 95 hazipo. Mshauri wako amechukua 730 akatoa 635 kana kwamba zote ni kilo, kumbe moja ni kilo na nyingine ni ratili. Na hili si kosa dogo la hesabu, kwa sababu orodha nzima uliyouziwa imejengwa juu yake.

GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023 kwa jina la Focus Edition, na ile ya zamani ikafungwa tarehe 31 Januari 2024. Ya zamani ilipimwa kutoka 200 hadi 800, na jumla zake zote ziliishia na 0. Ya sasa inapimwa kutoka 205 hadi 805, na jumla zake zote huishia na 5. Tofauti hiyo ya tarakimu ya mwisho iliwekwa makusudi, ili anayeiona alama ajue papo hapo imetoka kwenye mtihani upi. Ukiona masafa ya 690 hadi 770, unatazama mizani ya zamani. Alama za mtihani mpya haziwezi kuwa 690 wala 770.

Sasa, mizani hizi mbili zinakutana wapi? Kwa jedwali la ulinganisho la GMAC, ambao ndio wenye mtihani, 645 ya sasa inasimama pale ilipokuwa 700 ya zamani. Kwa hiyo 635 yako iko hatua moja chini ya 700, jirani na ukingo wa chini wa masafa ya chuo chako. Uko ukingoni, hukutupwa shimoni. Ila usichukue tofauti hiyo ya 55 ukaigeuza kanuni ya "ongeza 50", kama wanavyofundisha wengine. Pengo hubadilika kadiri unavyopanda: aliyepata 805 ukimwongezea 50 anafika 855, alama ambayo haijawahi kuwepo popote. Ulinganisho hufanywa kwa nafasi, yaani asilimia ya watahiniwa uliowapita, na nafasi husomwa kwenye jedwali. Jedwali lenyewe ni la bure na GMAC hulihuisha, kwa hiyo tumia la karibuni, usitumie picha ya skrini inayosambazwa kwenye makundi ya simu.

Mkanganyiko huu utaendelea kwa muda. Alama ya GMAT huishi miaka mitano, kwa hiyo mtu aliyefanya mtihani wa zamani Januari 2024 anaweza kuitumia hadi mapema 2029. Vyuo makini huandika mistari miwili kwenye maelezo ya darasa, mmoja kwa kila mtihani. Ukiukuta mstari wa mtihani mpya, soma huo na uachane na ulinganisho. Ukikuta namba moja tu isiyosema ni ya mtihani upi, tazama masafa, kwa kuwa wastani unaweza kuishia na tarakimu yoyote lakini ncha za masafa kwa kawaida ni alama halisi za watu.

Tuje kwenye lile linalonichosha zaidi, kwa sababu hata baada ya mizani kurekebishwa watu hubaki nalo: wanausoma wastani kama kizingiti cha mlango.

Wastani wa darasa ni maelezo ya watu waliokwisha kuingia. Hausemi nani alikataliwa. Wapo wengi walioomba wakiwa na alama juu ya wastani wakakosa nafasi, na hao hawaonekani kwenye ukurasa wowote wa chuo. Upande wa pili, kwa maana yenyewe ya neno wastani, sehemu kubwa ya darasa imekaa chini yake. Chukua darasa la watu 300 lenye asilimia 80 ya katikati kati ya 690 na 770. Waliobaki ni asilimia 20, nusu yao juu ya 770 na nusu chini ya 690. Hao wa chini ni watu 30. Watu 30 wamekaa kwenye viti, wana vitambulisho vya chuo, wakiwa na alama ambayo mshauri wako angeifutilia mbali.

Lakini usikimbilie furaha pia. Hao 30 hawakuingia kwa bahati. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho chuo kilikitaka kuliko alama: kazi isiyo ya kawaida, uongozi unaoonekana, au nakala ya matokeo ya shahada iliyojaa takwimu na hesabu. Vyuo, hasa vya Marekani, vina sababu ya kuulinda wastani wao, kwani orodha maarufu za kupanga vyuo huhesabu alama za GMAT na za GRE, mtihani mwingine wa kuombea shahada za uzamili. Ukiwa chini ya katikati unakigharimu chuo kidogo, na maombi yako lazima yajibu kwa nini gharama hiyo inafaa kulipwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya wastani ni hili: nikiwa hapa nilipo kwenye masafa, faili langu lina kazi gani ya kufanya?

Ndiyo maana jumla peke yake haitoshi kuchagulia chuo. Jumla hutengenezwa kwa sehemu tatu zenye uzito sawa, kila moja ikipimwa kutoka 60 hadi 90. Sehemu zako zinajumlisha 244. Mwingine anaweza kuwa na Hesabu 76, Lugha 85, Data 83, na wa tatu Hesabu 88, Lugha 76, Data 80. Wote wana 244, na wote watapewa 635. Msomaji wa maombi hawaoni kama mtu mmoja. Kwa yule wa 76, kama shahada yake ni ya fasihi, swali linakuja mara moja: ataimudu fedha na takwimu za muhula wa kwanza? Wa 88, kama ni mhandisi, hesabu yake haimshangazi mtu, na macho yanahamia kwenye insha na usaili kuona kama anajieleza. Wewe una shahada ya sosholojia na Hesabu 82: shaka ambayo shahada yako ingeileta, alama yako imeshaanza kuijibu. Hilo lina thamani ambayo namba 635 haionyeshi.

Angalia pia kwamba 80 katika sehemu moja si sawa na 80 katika nyingine. 80 ya Data inakupandisha juu ya watahiniwa wengi zaidi kuliko 80 ya Hesabu au ya Lugha. Kwa hiyo 79 yako ya Data, inayoonekana kuwa ndiyo kidonda, si dhaifu kama inavyoonekana ukiiweka kando ya 82 na 83. Soma nafasi zilizoandikwa kwenye ripoti yako kabla hujaamua wapi pa kutibu.

Kuhusu kurudia. Masafa ya jumla ni pointi 600 na ya sehemu zote tatu ni pointi 90, kwa hiyo kila pointi ya sehemu ina thamani ya takriban 6 hadi 7 za jumla. Ukipandisha sehemu yoyote kwa pointi 3 unapata kama 20, yaani 635 inakuwa 655. Kwa chuo unachokitaka, hiyo inakutoa ukingoni na kukuingiza ndani ya masafa, na inafaa kujaribiwa. Kurudia ili upate 645 tu ni kupoteza muda, maana mtu yuleyule akifanya mtihani siku mbili tofauti bila kujifunza chochote kipya anaweza kutofautiana kwa kiasi hicho na zaidi. Wasomaji wa maombi wanalijua hilo.

Kipimo cha kuamua ni majaribio rasmi ya mba.com, tovuti ya GMAC. Mawili ni ya bure, mengine ya kulipia. Kama matatu ya mwisho uliyoyafanya kwa muda kamili, bila kusimamisha saa, yalikupa 655 au 665, basi siku ya mtihani iliharibika kitu na kurudia kuna mantiki. Kama yalikupa 625 na 635, alama yako ndiyo hiyo, na kurudia bila wiki nane hivi za kazi ya kweli kutakurudishia kilekile. Kanuni inadai usubiri siku 16 kati ya mtihani na mtihani, na hauruhusiwi zaidi ya mara tano katika miezi 12. Chuo unachokitumia ripoti kinaona jaribio ulilolichagua wewe, hivyo hofu ya "wataona niliwahi kushindwa" isikuzuie.

Kwenye Data, tafuta makosa katika sehemu mbili kabla ya kununua kozi yoyote. Ya kwanza ni saa: maswali 20 kwa dakika 45 ni dakika mbili na robo kwa swali, na watu humaliza dakika tano kwenye jedwali moja halafu wakaacha mawili matatu ya mwisho wazi. Swali lililoachwa wazi lina adhabu yake, hivyo jaza hata kwa kubahatisha. Ya pili ni maswali yenye vipengele. Ukikosa kipengele kimoja kati ya vitatu, swali zima limekwenda, hakuna nusu alama. Pitia majaribio yako uhesabu ni mara ngapi ulikosa kwa kipengele kimoja. Mara nyingi tatizo ni haraka, si ujuzi, na ruhusa ya kubadilisha hadi majibu matatu mwishoni mwa kila sehemu haimsaidii asiyebakisha dakika.

Orodha ya vyuo kumi na viwili, itupe, uandike yako. Fungua maelezo ya darasa ya kila programu unayoifikiria. Programu, nimesema, si chuo: MBA ya muda wote, ya jioni na ya watendaji wa chuo kimoja zina alama tofauti kabisa. Andika ni darasa lililoingia mwaka gani, mizani ipi, alama ya katikati, ncha mbili za masafa, na miaka ya kazi ya wanafunzi. Weka nafasi yako pembeni. Unapokuwa juu ya katikati, alama imemaliza kazi yake na unaweza hata kuomba ufadhili kwa kujiamini. Unapokuwa kati ya ncha ya chini na katikati, nguvu zote ziende kwenye insha na barua za mapendekezo. Chini ya ncha ya chini, omba chuo kimoja au viwili tu, na uwe na sababu unayoweza kuiandika kwa sentensi moja. Kwa sasa chuo chako kinagusa kundi hili la mwisho kwa unyoya, na alama ya 655 inakihamisha.

Na wewe msomaji mwingine ambaye hujalipa bado: mtu akikupa orodha ya vyuo kwa alama yako, muulize ni darasa la mwaka gani na ni mizani ipi. Asiyeweza kujibu anauza jedwali alilolinakili kabla ya 2024. Akikuhakikishia nafasi, ondoka, maana hakuna mtu nje ya kamati ya udahili mwenye nafasi ya kuuza. Akikuambia ana "maswali hai" ya mwezi huu, yaani yaliyoibwa kwenye mtihani unaoendelea kutumika, kimbia kabisa. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliipa GMAC hukumu ya zaidi ya dola milioni 2 dhidi ya tovuti iliyokuwa ikiuza maswali hayo, na baadhi ya waliokuwa wateja wake walifutiwa alama baada ya kuzituma vyuoni. Wanaojitolea kukufanyia mtihani nao wapo. Kituoni husomwa mishipa ya kiganja, na anayefanyia nyumbani husimamiwa kwa kamera tangu mwanzo hadi mwisho. Alama ikifutwa kwa udanganyifu, taarifa huenda pia kwa vyuo vilivyoipokea, na mshauri uliyemlipa hatakuwepo kwenye barua hiyo.