Bati zile ni Jumapili zangu

Mama mdogo, shikamoo. Na wanajumuiya wote wa Gungu, Kigoma, Tumsifu Yesu Kristo.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema pale kigangoni watu wananong'ona kwamba nimeacha Kanisa, Ulaya imenilewesha. Unasema kijana wako anataka kunifuata kwa kuwa amesikia hela huku zinaokotwa. Halafu unamalizia kwamba mwenyekiti ameshaniandika kwenye ahadi ya mabenchi ya kanisa. Nimekasirika, Mama mdogo. Nakujibu hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitatuma hela na kunyamaza kama miaka yote.

Ni kweli, Misa nakosa. Tangu Pasaka nimeingia kanisani mara nne. Lakini sikilizeni. Hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, kazi yangu ni kutunza wazee. Nawaamsha, nawaogesha, nawabadilisha nepi, nawalisha. Zamu ya Jumanne ina malipo ya kawaida. Jumapili ina nyongeza. Krismasi, Pasaka na mkesha wa mwaka mpya zina nyongeza kubwa zaidi, kwa sababu wenyeji wanataka kukaa na familia zao. Basi sisi wageni tunazigombania. Mwaka juzi mlipoomba bati 60 za kuezekea kanisa, nilipiga hesabu: mshahara wangu ulikuwa unaishia kwenye kodi ya nyumba, chakula na dawa za mama. Nikaomba nipangwe Jumapili zote, kuanzia Kwaresima hadi Septemba. Bati zile mlizozipigia vigelegele, na Padre akanitaja jina mbele ya watu, ni Jumapili zangu. Niliziuza moja moja. Leo mtu amekaa chini ya bati hizo, mvua haimgusi, anauliza mbona siendi Misa.

Sikuwaambia kwa sababu nilipenda kutajwa jina. Hilo nimeshaliungama.

Mnamkumbuka baba. Usiku kucha alivua dagaa Kibirizi, na Jumapili asubuhi alipitiliza moja kwa moja hadi Misa ya kwanza, shati linanuka ziwa. Lakini baba alikuwa na mwezi. Kukiwa na mbalamwezi, taa za mitumbwi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, watu wanalala, wanatembeleana, wanakwenda jumuiya. Kila mwezi Mungu alimsimamisha kazi siku kadhaa, atake asitake. Mimi huku hakuna kinachonisimamisha. Kigoma jua linatoka na kuzama saa zile zile karibu mwaka mzima. Hapa Desemba linatoka baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Juni usiku hauingii giza. Mwili wangu haujui siku imeanza au imekwisha. Majilio nayajua kwa taa wanazoweka madirishani, hata kwenye nyumba za wasiosali.

Tarehe 13 mwezi huu, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, watoto walikuja kuwaimbia wazee wetu. Wamevaa kanzu nyeupe, msichana wa mbele ana taji la taa kichwani. Kuna bibi ninayemwogesha ambaye hajasema neno tangu kiangazi. Siku hiyo aliimba ubeti mzima. Nilitoka nje, nikasimama kwenye theluji bila koti, nikalia. Ni rika la mama. Zaburi ya 71 inasema, “Usinitupe wakati wa uzee,” na zamani niliisoma kama sala ya watu wengine. Sasa kila ninapomkausha bibi yule vidole vya miguu nakumbuka kwamba wewe ndiye unayemkausha mama, mimi natuma hela ya dawa. Usinishukuru tena kwa hizo dawa, Mama mdogo. Naomba.

Kijana wako asije. Asiuze kile kiwanja cha Mwanga, asikope, asimsikilize dalali anayemwambia kibali atakipata akishafika. Waliokuja hivyo nawaona: wanafagia maofisi usiku kwa malipo ya kupunjwa, na gari la polisi likipita wanageuza njia. Hela hapa haiokotwi. Lakini mwambie aniandikie. Avishughulikie vyeti vyake vya uuguzi, aanze kujifunza lugha sasa hivi, masomo ya mwezi wa mwanzo nitamlipia mimi. Akipata kibali akiwa huko huko nyumbani, nitampokea na atalala kwangu. Niliposema asije nilimaanisha, na hili pia namaanisha. Na kama ni kuja, aje Mei. Novemba itamvunja moyo kabla hajafungua begi. Amshike Mungu huko huko kabla ya kupanda ndege. Huku hakuna jirani atakayegonga mlango kukuuliza mbona jana hukuonekana jumuiya. Nilikuwa nikiwachukia mnaponigongea. Sasa ningetoa mshahara wa wiki kusikia mlango ukigongwa.

Mabenchi, mwaka huu situmi. Nifuteni kwenye orodha. Kuanzia Januari nimeomba nisipangwe kazi Jumapili mbili kila mwezi, na mshahara utashuka. Dawa za mama hazitaguswa, usiwe na wasiwasi. Basi, benchi moja nitalilipa, lile la mbele upande wa kulia, mama akipata nafuu ya kubebwa hadi kanisani akae hapo. Moja tu, na jina langu lisitangazwe.

Tarehe 31 mwezi huu, mkesha wa mwaka mpya, nimeshapangwa kazi, sikuweza kubadilisha. Ikifika saa sita usiku kwenu, huku itakuwa saa nne, na saa nne nina mapumziko ya dakika kumi na tano. Nipigie, lakini usiongee na mimi. Weka simu kwenye benchi karibu na kwaya, uiache hapo mpaka wamalize kuimba.