Maswali ya Wasomaji: Je, Bomba la Hewa Baridi Hupunguza Ulaji wa Mafuta?

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Maweni, Malindi. Nina Toyota Fielder ya petroli yenye injini ya cc 1,500, ambayo mimi huitumia kubeba abiria na mizigo midogo kati ya Malindi na Mombasa. Fundi mmoja amenishauri niondoe boksi la filta ya hewa lililokuja na gari, nifunge bomba la alumini lenye filta ya koni iliyo wazi, ambalo yeye huliita bomba la hewa baridi. Anasema gari litapata nguvu na litakula mafuta kidogo. Rafiki yangu aliyefungiwa bomba kama hilo anaapa kwamba gari lake limekuwa jepesi na tangi linadumu zaidi. Bei yake kwangu si ndogo. Je, nitoe pesa hizo? — Dereva wa Maweni

JIBU: Ndugu yetu wa Maweni, usizitoe. Kwa gari kama lako na kazi unayolifanyisha, bomba hilo halitapunguza mafuta, na nguvu litakayoongeza, kama itaongezeka, itakuwa ndogo kiasi kwamba hutaihisi ukiwa na abiria wanne na magunia nyuma. Hata hivyo fundi wako hakubuni jambo, bali ameshika nusu ya ukweli, na ni vyema tuanze na nusu hiyo.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto. Hewa ya nyuzi 30, ambayo ndiyo ya mchana wetu hapa pwani, ikipashwa hadi nyuzi 60 chini ya boneti hupoteza takriban asilimia 9 ya uzito wake kwa ujazo ule ule, na injini ikivuta hewa hiyo hupata oksijeni pungufu. Juu ya hayo, hewa ikiwa moto sana petroli huelekea kulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga, kwa hiyo kompyuta ya gari huchelewesha cheche na nguvu hushuka zaidi. Ni kweli, basi, kwamba injini inahitaji hewa baridi. Lakini fungua boneti yako, shika bomba la plastiki linaloingia kwenye boksi la filta, ulifuate hadi mwanzo wake. Katika magari mengi ya siku hizi utakuta mdomo wake uko juu ya radieta, nyuma ya taa ya mbele au ndani ya madigadi, mahali panapopata hewa ya nje. Watengenezaji walikwisha kukupa hewa baridi siku gari lilipotoka kiwandani. Filta ya koni iliyokaa wazi kando ya injini, bila ukuta wowote wa kuikinga na joto, ndiyo inayovuta hewa moto, na zaidi pale unapotambaa kwenye msongamano wa Mtwapa.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapo ndipo wengi hupotoshwa. Gari lako lina sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto, ambayo hupima hewa inayoingia, na kompyuta hunyunyiza petroli kulingana na kipimo hicho, takriban gramu 1 ya petroli kwa kila gramu 14.7 za hewa. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa. Nguvu zaidi kwa njia hii hupatikana kwa kuchoma mafuta zaidi, wala hakuna namna hewa ya ziada ikawa badala ya petroli. Tena injini ya petroli ina mlango mdogo wa hewa unaofunguka kadiri unavyokanyaga mafuta. Injini ya cc 1,500 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huweza kuvuta hadi lita 4,500 za hewa katika dakika hiyo, na hapo bomba pana huenda likasaidia kidogo. Lakini wewe ukipita Gede kwa mwendo wa abiria, injini inazunguka chini ya nusu ya hapo na mlango ule umefunguka kiasi tu. Kizuizi kikubwa cha hewa wakati huo ni mlango huo, unaoubana kwa mguu wako mwenyewe, wala si boksi la filta. Kupanua njia iliyo mbele ya mlango uliobanwa hakukuletei akiba yoyote.

Jambo hili limepimwa kwa upande wake wa pili. Mwaka 2009, maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha vipimo vya magari ya kompyuta, mojawapo likiwa Toyota Camry ya mwaka 2003, yaliyoendeshwa yakiwa na filta safi na kisha filta zilizozibwa kwa makusudi. Kasi ya kuchapuka ilipungua, lakini ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kama kuziba filta hakukuongeza ulaji wa mafuta, kuipanua kutaupunguza kwa njia gani? Magari ya zamani yenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni habari nyingine, kwa kuwa kabureta haina kompyuta ya kurekebisha mchanganyiko, na huko filta chafu hupoteza mafuta kweli.

Rafiki yako, naamini, hasemi uongo. Boksi la kiwandani huzima mlio wa hewa, na likiondolewa injini hunguruma kila unapokanyaga, na sikio likishasikia ngurumo mwili huhisi kasi. Tena mara nyingi bomba hufungwa siku ile ile ya kubadilisha oili, plagi na kujaza magurudumu upepo. Akitaka kujua hakika, na ajaze tangi hadi juu katika pampu ile ile kabla na baada ya safari, aende na kurudi, arudie kwa matangi kadhaa, kisha agawe kilomita kwa lita. Asipime njia moja peke yake, kwani msimu wa kusi upepo humkabili akienda Mombasa na humsukuma akirudi.

Kuna hasara pia, na hizi ndizo zinazonitia wasiwasi kwa gari linalolisha nyumba. Filta nyingi za aina hiyo ni za pamba iliyopakwa mafuta. Ukizipaka kupita kiasi, mafuta hufika kwenye ule waya wa sensa na kompyuta huanza kupima vibaya. Bomba lenye upana tofauti na la asili nalo huweza kuidanganya sensa hiyo, hata taa ya injini ikawaka. Baadhi ya mabomba hushushwa chini karibu na bampa. Ukiingia kwenye dimbwi la mvua za masika injini huvuta maji, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, fimbo za pistoni hupinda. Ukarabati wake waweza kufikia bei ya injini nyingine.

Nunua filta mpya ya karatasi iliyotengenezwa kwa gari lako. Usiioshe ya zamani kwa maji wala kuipuliza kwa upepo mkali wa mashine ya magurudumu, kwani karatasi hupasuka kwa vitundu ambavyo jicho halivioni. Hakikisha mpira wa ukingoni umekaa sawasawa na vibanio vyote vimefungwa. Kisha, injini ikiwa imezimwa, fungua bomba lililo baada ya filta na upitishe kidole ndani yake: ukihisi chembe za mchanga, vumbi linapita, na vumbi hilo linasaga silinda zako kila siku unapotoka barabara ya lami.

SWALI: Mimi naendesha Land Cruiser ya dizeli kati ya Mokowe na Garsen. Je, bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa lina faida? — Msomaji, Mokowe

JIBU: Lina faida, ingawa si ya nguvu. Usawa wa paa una vumbi pungufu kuliko usawa wa magurudumu, hasa ukiwa nyuma ya lori, na Tana ikifurika njia ya Garsen mdomo wa hewa huwa mbali na maji. Sharti viungo vyote vizibwe visipitishe maji, vinginevyo bomba ni pambo tu. Kuhusu filta, injini ya dizeli hukuonya yenyewe: ikianza kutoa moshi mweusi unapopanda mlima au unapobeba mzigo, ikague filta kabla hujagusa pampu ya dizeli.