Eskaveta inalegea ikipata moto: usiweke 100 mahali pa 46, pima joto kwanza

Mkuu, usifungue hilo pipa. Nimesoma mpaka pale ulipoandika kwamba fundi anataka muweke oili ya haidroliki namba 100 badala ya 46 kwenye eskaveta kwa sababu mtambo unakosa nguvu baada ya saa mbili, mengine sijayaona. Ushauri huohuo ulinilia pampu kubwa nzima, kwa hiyo salamu tutapeana baadaye.

Hiyo 46 ni mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Haisemi oili ni bora au ina nguvu. Inasema oili ikiwa nyuzi 40 ina sentistoki 46 (sentistoki ni kipimo cha mnato), pungufu au zaidi kwa asilimia 10. Oili ya kawaida ya 46 ikiwa nyuzi 20 asubuhi ina sentistoki kama 135. Ikifika nyuzi 60 inabaki na 20 hivi, ikifika 80 ni 11 tu. Pampu nyingi za pistoni zinajisikia vizuri kati ya sentistoki 16 na 36. Kwa hiyo kama oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo ilifanya kazi miaka yote na leo inalegea, oili haijawa nyepesi ghafla. Kuna kitu kinaipika.

Sasa fundi anakuambia uongeze uzito. Huyo ni sawa na anayemfunika mgonjwa wa homa blanketi la pili. Oili nzito inasuguana zaidi ndani ya hosi na valvu, na msuguano wote huo unageuka joto. Mchana utapata nafuu ya siku chache, utampigia fundi simu kumshukuru (ndiyo, nilipiga, chekeni tu), kumbe uharibifu unafanyika asubuhi.

Oili ya 100 ikiwa nyuzi 20 ina sentistoki kama 340, zaidi ya mara mbili ya ile 46 yako. Pampu haina mkono wa kuivuta oili kutoka tankini. Kinachoisukuma ni hewa ya nje, ambayo haizidi bar moja. Oili ikiwa nzito, na chujio la kunyonya lina uchafu kidogo, haifiki kwa wakati. Ndani ya pampu panatokea viputo vya ombwe, na vikifika upande wa presha vinapasuka juu ya chuma. Utasikia kama kuna kokoto zinazunguka ndani. Kila kupasuka kunachimba kishimo kwenye bamba la valvu na silinda za pampu, kisha vipande vya rangi ya shaba vinaanza kusafiri.

Unadhani filta ya marejeo, ile inayochuja oili inaporudi tankini, itavikamata? Oili nzito ya baridi inaongeza presha mbele ya filta hadi valvu yake ya kupita pembeni inafunguka, na hapo oili inarudi tankini bila kuchujwa. Vipande vinazunguka mtambo mzima: valvu kuu, motor za kutembelea, silinda. Ndiyo maana gharama haikuishia kwenye pampu. Na mwenye ushauri? Anasema pampu ilikuwa "imeshachoka". Alijuaje, hakupima kitu!

Kwa hiyo usiguse oili kabla ya kupima joto. Pima mtambo ukiwa umeshafika pale unapolegea:

Piga kipimajoto ubavuni mwa tanki, chini ya usawa wa oili. Kama ni kile cha mwanga wa infraredi, bandika kwanza utepe mweusi, chuma kinachong'aa kinakidanganya. Ukivuka nyuzi 82, sili na oili yenyewe zinazeeka haraka, simamisha kazi.

Halafu pima rejeta ya oili, ile inayoipoza: bomba la kuingia na la kutoka. Tanki likiwa moto sana na tofauti ya hapo ni nyuzi mbili tatu tu, rejeta haipozi. Mara nyingi ni vumbi lililoganda kwa mafuta kwenye mapezi, au mkanda wa feni umelegea. Puliza kinyume na upepo wa feni unavyopita, ukifuata uelekeo uleule unashindilia uchafu ndani.

Rejeta ikiwa nzima, gusa valvu za usalama kwa kipimajoto. Ile ambayo mwili wake ni moto kupita bomba linaloingia, huku hakuna silinda iliyosukumwa hadi mwisho wake, inavujisha presha kurudi tankini. Hiyo peke yake inatosha kuchemsha tanki.

Mwisho ndiyo pampu. Zima injini, toa presha, fungua hosi ya dreni ya pampu (inayorudisha tankini oili inayovuja ndani ya pampu) uielekeze kwenye ndoo yenye alama za lita, washa, upime dakika moja chini ya mzigo kama kitabu kinavyoelekeza. Usiizibe hata sekunde, sili ya shafti itaruka. Pampu ya pistoni isiyo na hitilafu huvujisha asilimia 1 hadi 3 ya mtiririko wake. Ikikaribia 10, imekwisha, na hakuna oili ya kuifufua.

Kama tayari mmeshamwaga 100 ndani, kumwaga tanki peke yake hakutoshi. Karibu nusu ya oili iko kwenye silinda, hosi na rejeta. Rudisha silinda ndani kabla ya kumwaga, badili filta, safisha chujio la kunyonya, na jaza mwili wa pampu oili safi kupitia tundu la dreni kabla ya kuwasha. Kuiwasha kavu ni kuiua kwa dakika moja.

Sasa nimesoma yaliyobaki: uliuliza pia kuhusu chapa na rangi, na masaa ya kubadilisha. Rangi haina maana, masaa yako kwenye kitabu, chapa ntakujibu nikituliza moyo. Leta hapa namba nne: joto la tanki, la kuingia na la kutoka rejeta, na lita za dreni kwa dakika. Pipa likiwa bado na sili yake, muuzaji anaweza kukubali kulichukua.