Unataka ejenti wa AI aingize makampuni kwenye CRM? Anza na kutafuta, kuunda baadaye

Kwa nyie mnaoanza kazi hizi za kuunganisha AI na CRM (mfumo wa kutunza taarifa za wateja), hasa mlioingia juzi juzi kwenye timu za mauzo au mnaofanya vibarua vya otomesheni, kuna kitu nataka mkishike mapema. Kuunda rekodi ya kampuni ndo sehemu rahisi kuliko zote. Ni ombi moja tu kwenye API (mlango ambao programu moja inaongea na nyingine), unatuma jina na domeni (anwani ya tovuti ya kampuni), HubSpot, CRM ninayoitolea mfano hapa, inakurudishia ID ya rekodi, imeisha. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, ejenti, yaani AI inayofanya kazi yenyewe kwa niaba yako, inabidi ajue kama hiyo kampuni ipo tayari ndani ya mfumo, na hawezi kujua kama wewe hujamtengenezea njia ya kujua.

Chukua NMB. Muuzaji mmoja anaandika NMB, mwingine NMB Bank, wa tatu anatoa kwenye ankara NMB Bank Plc, halafu kuna mzee wa uhasibu anayekumbuka NBC ilivyogawanywa 1997, yeye anaandika National Microfinance Bank. Sisi tunajua hiyo ni benki moja. Ejenti akitafuta kwa jina kama lilivyoandikwa anakuta hakuna kitu, anaunda mpya, na ndo hivo unajikuta na rekodi nne, kila moja ina noti zake na watu wake, na ripoti ya mwisho wa mwezi inamwambia bosi ana wateja wanne. Kinachookoa hapa ni domeni, maana hata jina liandikweje barua pepe za kazini zinaishia nmbbank.co.tz. Na hapa wengi wanajiamini bure kwa sababu ukiingiza faili la Excel, HubSpot yenyewe inaangalia domeni na kuijaza rekodi iliyopo, kwa hiyo mtu anadhani na API ni hivohivo. Sio. Ukipitia API, makampuni mawili yenye domeni moja yanaingia yote bila kelele.

Kwa hiyo ushauri wangu, usimwachie ejenti uamuzi wa kutafuta au kutotafuta. Najua kwenye maelezo ya tool (kipande cha programu unachompa ejenti akitumie) unaweza kuandika "itumie baada tu ya kutafuta na kukosa", na andika kweli, maana ejenti anasoma hayo maelezo kuliko unavyodhani, lakini siku mazungumzo yakiwa marefu ataruka hatua. Weka utafutaji ndani ya tool yenyewe. Ejenti anaomba kuunda, programu (code) yako inatafuta kwanza kwa domeni, ikikosa inatafuta kwa jina lililosafishwa (toa Ltd, Limited, Plc, Company, nukta na mikwaju), ikipata kitu inarudisha "ipo tayari, ID ni hii" badala ya kuunda. Ikipata majina yanayofanana tu bila uhakika, irudishe orodha na imwambie amuulize mtu.

Sasa domeni nayo ina mtego wake huku kwetu, na huu hamtaukuta kwenye mafunzo ya Wazungu. Biashara nyingi tu za Kariakoo, mawakala wa forodha, wauza vipuri, hata makampuni yenye malori ya kutosha, wanatumia Gmail. Ejenti anasoma barua pepe ya mteja, anachukua kilicho baada ya alama ya @, anaweka gmail.com kama domeni ya kampuni. Anayefuata naye ana Gmail, tool inatafuta, inapata "ipo tayari", inamuweka humohumo. Baada ya wiki una kampuni moja kubwa inayoitwa kwa jina la muuza matairi, na ndani yake kuna watu wa saruji, wa hoteli na wa dawa za mifugo wamechanganyika. Weka orodha ya domeni za bure (gmail, yahoo, hotmail, outlook, icloud), tool ikikutana nazo iache domeni wazi na itumie kitu kingine. Mimi napendelea TIN (namba ya mlipa kodi) kwenye fildi ya kujitengenezea kama mteja ameshawahi kupewa ankara, au namba ya simu ya ofisi ikiwa imeandikwa kwa mfumo mmoja, yaani +255 mbele, sio mmoja 0754 mwingine 255754.

Majina pia yanabadilika jamani. Tigo ya Tanzania imekuwa Yas tangu mwishoni mwa 2024. Kama kwenye CRM yenu iko rekodi ya zamani ya Tigo, hakuna usafishaji wa jina utakaoonyesha kuwa Tigo na Yas ni kitu kimoja, lazima uwe na fildi ya majina mengine na mtu wa kuijaza.

Kitu kingine kinachoharibu data kimyakimya ni fildi za lazima. Ukimwambia ejenti kwamba sekta ni lazima, idadi ya wafanyakazi ni lazima, mapato ni lazima, atazijaza. Hatakuambia sijui, ataweka wafanyakazi 50 kwa sababu inasikika sawa. Kwenye HubSpot ukituma sekta kwa maneno yako kama "usafirishaji" API inakataa na kukutajia zile inazozikubali, mfano TRANSPORTATION_TRUCKING_RAILROAD, na ejenti akiona hiyo orodha atachagua iliyo karibu hata kama mteja ni mtu wa bodaboda za kusambaza mizigo. Acha jina tu ndo liwe la lazima. Mengine yawe hiari, na kwenye maelezo andika wazi kwamba kisichoonekana kwenye chanzo kiachwe tupu. Fildi tupu muuzaji ataijaza akiongea na mteja, ila fildi yenye uongo hakuna anayeihakiki, itakaa hapo miaka.

Halafu mtandao. Ombi limeenda, jibu limechelewa, ejenti anadhani imefeli anatuma tena. Ukisema utafutaji utamkamata, si kila mara, kwa sababu HubSpot rekodi mpya inachukua muda kidogo kuonekana kwenye utafutaji. Tunza mwenyewe orodha ya kampuni zilizoundwa kwenye zamu hiyo, tool iiangalie kabla ya kwenda kwenye API.

Ruhusa mpe ndogo. Kusoma na kuandika makampuni basi, kuunganisha rekodi baki nako mwenyewe, maana rekodi iliyofutwa HubSpot unaweza kuirudisha ndani ya siku 90 lakini mbili zikishaunganishwa huzitenganishi. Na mkatazeni kumwaga namba binafsi za watu na mambo yao kwenye noti za kampuni, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inafanya kazi na tume ipo.

Mkianza jaribuni kwenye akaunti ya majaribio, na msitumie mifano misafi ya kutunga. Chukueni kadi za biashara zilizopigwa picha vibaya, meseji za WhatsApp za wauzaji, ankara zilizoskaniwa upande, muone tool inasemaje ikikutana na hivo.