Umbali wa Ndege ni Jambo Moja, Muda wa Safari ni Jingine

Watu wanaojiandaa kwa safari ndefu ya ndege mara nyingi hutafuta kwanza idadi ya kilomita kati ya viwanja viwili, wakaigawanya kwa mwendo wa ndege, ambao angani hukaribia kilomita 900 kwa saa, wakaamini kwamba wamepata muda wa safari. Mimi nimezoea kuanza na ratiba, kwa sababu hesabu hiyo ya kugawanya hupotosha.

Kati ya London na New York, kwa mfano, kuna takriban kilomita 5,550. Hesabu ya haraka inatoa saa 6, lakini ratiba huonyesha karibu saa 8 kwenda New York na saa 7 kurudi. Pepo kali za juu katika eneo hilo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo huisukuma ndege inaporudi na kuikabili inapokwenda. Tena, muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili.

Njia nayo hubadilika ijapokuwa viwanja havijahama. Mwaka 2022, Urusi ilipoyafungia anga lake mashirika ya ndege ya Ulaya, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ikichukua saa 9 na nusu hivi ilifikia takriban saa 13. Kwa hiyo nakushauri uangalie ratiba ya tarehe yako mwenyewe, wala usitegemee maelezo ya miaka iliyopita.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi, kwani kila moja ni ya mahali husika. Ndege ikiondoka New York saa 1:00 usiku na kutua London saa 1:00 asubuhi, msomaji anaona saa 12; lakini London iko mbele kwa saa 5, kwa hiyo safari yenyewe ni ya saa 7. Hata tofauti hiyo hupungua hadi saa 4 kwa majuma machache ya Machi na kwa muda mfupi karibu na mwisho wa Oktoba, kwa kuwa nchi hizo mbili hazibadilishi saa zao siku moja. Mimi huandika saa zote za safari kwa saa za kanda moja kabla ya kulipa.

Kama kuna kubadilisha ndege njiani, nunua safari nzima kwa tiketi moja inapowezekana, maana ndege ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida shirika hukutafutia nafasi kwenye ndege nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, huenda ukalazimika kupita uhamiaji, kuchukua mizigo na kujiandikisha upya, pengine kwa viza usiyokuwa nayo. Hapo mimi hupendelea kulala usiku mmoja katika mji huo kuliko kutegemea saa 2 za kusubiri.