Eti saratani ya kijijini haiponi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama mdogo alikuwa na uvimbe kwenye titi, wamechukua kinyama wakapima, ni saratani hatua ya pili. Sasa majirani wamemkatisha tamaa, wanamwambia wagonjwa wa kijijini hawaponi kama wa mjini, hataki hata kuanza matibabu. Ni kweli? Tumlete mjini nilipo?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Majirani wameona jambo la kweli ila sababu yake wameikosea, na hapo ndo panaponiuma, manake mama anaweza kupotea kwa kitu kisichokuwepo.

Takwimu za Marekani zilizotoka 2017 zinaonyesha watu wa vijijini wanapata saratani kidogo kupungua kuliko wa mjini, 442 kwa 457 kwenye kila watu 100,000 kwa mwaka, lakini wanaokufa nayo vijijini ni wengi zaidi, 180 kwa 158. Yani ugonjwa unashika wachache halafu unaua wengi. Kwa nini? Uvutaji sigara umo, ila kubwa ninaloliona mimi ni muda. Mtu anagusa kivimbe kama punje ya mahindi, hakiumi, anasema nitaenda nikimaliza kazi za shamba, akifika zahanati anapewa rufaa, kinyama nacho kinasafirishwa mpaka maabara ya mbali, majibu yakirudi punje imeshakuwa limau. Halafu ije mionzi, hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwenye mashine unakaa dakika chache tu lakini kama njia ni masaa manne kwenda na manne kurudi nani ataweza? Watu wanaachia katikati, na matibabu ya nusu hayafanyi kazi ya matibabu kamili.

Sasa msomee mama hii. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 36,995 waliokuwa kwenye majaribio 44 ya tiba, wa mjini na wa kijijini wote walihudumiwa kwa utaratibu mmoja, na kwa karibu aina zote za saratani walizoangalia waliishi sawa. Mwili wa mtu wa kijijini hauna kasoro yoyote, akipata tiba ileile anafaidika vilevile. Na hatua ya pili bado ni mapema, wengi wanatibiwa wakapona.

Kuhama moja kwa moja sio lazima, mlete kwa vipindi vinavyohitaji hospitali kubwa tu. Nendeni wote wawili kwenye miadi, ubebe daftari, muulize upasuaji lini, kemo, yani dawa za kuua saratani, mizunguko mingapi na kama kuna ya kuchomwa sindano hospitali ya karibu na kwake. Ya mionzi muulize ratiba fupi, saratani ya matiti siku hizi wengi wanamaliza kwa wiki tatu badala ya tano au sita. Muulize pia kinyama kimepimwa homoni? Manake kama saratani yake inalishwa na homoni kuna kidonge cha kila siku cha miaka mitano au zaidi, hicho atameza hukohuko nyumbani kwake. Tarehe ya kwanza muiombe wiki hii.