RV Marekani: tunalala wapi na tunakula nini, njia ya Dallas mpaka Grand Canyon

Kila nikiweka picha za safari zetu za RV, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, maswali ni yaleyale, jamani lile ligari mnalala nalo wapi, na mnakula nini huko porini maana watu wa Tanga kwa kula tunajulikana. Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja WhatsApp niandike mara moja. Nazungumzia njia ninayoijua mimi, tunatoka Dallas tunapanda na barabara ya 287 mpaka Amarillo, hapo tunashika barabara kuu ya I-40 tunaelekea magharibi, tunapita New Mexico tunaingia Arizona, tukifika Williams tunakata kulia kwenda Grand Canyon. Ni zaidi ya maili 1,000 kwenda tu, kwahiyo kama unawaza kuiendesha kwa siku moja kama unavyofanya na Camry yako sahau, RV inakunywa mafuta vibaya mno, ile ya kati galoni moja inakupeleka maili kama 10 hivi, na ukanda wa Amarillo upepo wake unalisukuma gari ubavuni mpaka unashika usukani kwa mikono miwili ukisoma dua.

Kitu cha kwanza, na hapa ndipo wengi wanapopoteza hela, usilipie kempu, yaani eneo la kulipia la kupaki na kulala, kila usiku. Kuna usiku wa kupita na kuna usiku wa kukaa. Usiku wa kupita mnafika saa tatu watoto wamelala, asubuhi saa kumi na mbili mnaondoka, sasa hapo unalipa dola 60 au 70 za nini? Huogelei, huchomi nyama, hata jirani yako humuoni. Hela ziweke kwa ajili ya sehemu utakayokaa siku mbili tatu.

Usiku wa kupita sisi tunalala Walmart, yale maduka makubwa. Ndiyo, kwenye paking ya Walmart, na wala sio aibu, utawakuta wazee wa Kimarekani wastaafu na RV za bei ya nyumba wamepaki hapohapo. Ila sio Walmart zote, ruhusa anatoa meneja wa duka lenyewe na kuna miji sheria zake zinakataza kabisa, kwahiyo piga simu mchana uulize. Mkikubaliwa paki pembeni kabisa mbali na mlango, usitoe viti nje, usifungue kile kiturubai cha pembeni, jiko la mkaa usiliguse, ingia dukani nunua hata mkate na maziwa, asubuhi ondoka. Ukifanya paking ya watu uwanja wa pikiniki ndio unatuharibia wote.

Cracker Barrel nao nyingi zinaruhusu, ukizunguka nyuma ya mgahawa utaona mistari mirefu ya RV na mabasi. Ingia umuulize meneja kwanza. Uzuri wake ukiamka chai iko mlangoni, wana samaki wa kukaanga, wana bamia za kukaanga, ila kwa sie tusiokula nguruwe kuweni macho, maharage mabichi na mboga zao za majani wanapika na nyama ya nguruwe hata kama kwenye menyu imeandikwa mboga tu. Uliza kila kitu, hawachoki kujibu.

Vituo vya malori kama Love's na Flying J ni vizuri kwa mafuta, maji, gesi, na vingi vina sehemu ya kumwaga uchafu wa choo cha gari. Kulala hapo ni sawa kama kuna maegesho ya RV au ya magari madogo, lakini usiingie kwenye nafasi za malori. Dereva wa lori hapa Marekani sheria inamruhusu kuendesha jumla ya saa 11, akizimaliza lazima apumzike saa 10 mfululizo, kwahiyo yule anayeingia saa tano usiku akakuta umemkalia nafasi hana pa kwenda, hawezi kusema naenda mbele kidogo. Ukiwa Texas na umechoka sana, zile sehemu za kupumzikia kando ya barabara kuu unaruhusiwa kukaa mpaka saa 24 ilimradi husimamishi hema. Ni salama, zina vyoo, ila kelele za injini usiku kucha, ziba masikio.

Sasa usiku wa kukaa. Kama uko njia hii usiipite Palo Duro Canyon, iko kama maili 25 kutoka Amarillo na ni bonde la pili kwa ukubwa Marekani baada ya Grand Canyon yenyewe, tena watu wengi wa Dallas hawaijui kabisa. Ni hifadhi ya jimbo, unabuku mtandaoni mapema, sehemu za RV ziko chini kabisa bondeni zina umeme na maji. Barabara ya kushuka ni kali, mteremko wa asilimia 10, weka gia ndogo uiache injini ifanye kazi ya breki, usikanyage breki mwanzo mpaka mwisho mtashuka huku mnanusa zinaungua. Kiangazi huko chini joto linapita nyuzi 38, kwahiyo mkafike mchana mtajuta, sisi huwa tunaingia jioni jua likianza kushuka, kuta za bonde zinakuwa nyekundu kama tofali la kuchoma, baba watoto anawasha jiko, hapo ndio unaelewa kwanini umelipia. Ila kabla hujawasha angalia tangazo getini, kukiwa na ukame wanapiga marufuku moto wa kuni na mkaa, tumia gesi.

Amarillo penyewe watu watakwambia nenda Big Texan, ule mgahawa wa nyama ya wakia 72, kilo mbili ushei, ukiimaliza na vikorombwezo vyake ndani ya saa moja hulipi. Wana mpaka eneo la RV jirani. Nendeni mkapige picha watoto wafurahi, kwa kula mimi sio pangu, kelele nyingi. Nnachojua ni kwamba Amarillo ina wakimbizi wengi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama, Wasomali wamo, kwahiyo ukitafuta kwenye ramani duka la halali au mgahawa wa Kisomali utapata, na pale unajaza friji nyama ya mbuzi kabla hujaingia jangwani. Ukikosa, nenda bucha la Wameksiko uulize chivo, utapewa mbuzi, ingawa hiyo halali usiihesabu.

Halafu kuna hii siri ambayo kwangu mimi ndio I-40 yote: madhaba ya Wapunjabi, vile vimgahawa vya Kihindi vya kando ya barabara. Siku hizi kwenye malori ya Marekani kuna madereva wengi Kalasinga, na Kalasinga nyumbani tunawajua tangu zamani kwa magari na ufundi, basi huku wamefungua majiko yao ndani ya vituo vya mafuta ili wenzao wale chakula cha maana barabarani. Mfano upo Vega, Texas, kama nusu saa kutoka Amarillo ukielekea magharibi, Vega Truck Stop and Indian Kitchen. Kwa nje huwezi kudhani, ni kituo cha mafuta kama vingine, ndani mafuta ya injini na glavu za kazi zimepangwa, ila ukinyoosha pua unasikia bizari na vitunguu vinakaangwa. Unaagiza kwenye kaunta. Chapati inasukumwa ukiagiza, sio ya kupasha, inakuja na dengu nzito, na achari ya embe ambayo nusura nimwombe yule mama mtungi mzima. Mwaka tuliokwenda na mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tanga, siku zile zote kila tukisimama analalamika chai ya Wamarekani, kikombe cha maji ya moto na kipakiti kimening'inia, pale akaletewa chai imechemshwa na maziwa na iliki na tangawizi, akanywa funda moja, akasema "haya sasa, hii imepikwa," akaomba nyingine. Bei nayo ni ya madereva, sio ya watalii.

Tahadhari moja kwa Waislamu wenzangu, usiseme hawa ni Wahindi basi nyama yao halali. Kalasinga kwenye dini yao nyama iliyochinjwa kwa taratibu yetu ndio hawatakiwi kuila, kwahiyo uliza, na mimi huwa naagiza dengu, paneer (jibini la Kihindi) na parata za viazi nimemaliza, wala sijawahi kutoka na njaa. Madhaba haya yapo mengi kwenye hii barabara, Sayre kule Oklahoma liko, na New Mexico yapo, ukiandika "dhaba" kwenye ramani ya simu yanatokea.

New Mexico mambo ni pilipili. Sio mwasho wa kukutoa machozi kama pilipili mbuzi, ni pilipili ndefu wanazichoma moto ganda linaungua, wanamenya wanazitia kwenye kila kitu, na utaulizwa nyekundu au ya kijani, sema ya kijani. Magharibi kidogo ya Albuquerque, kwenye kituo cha mafuta cha 66 Pit Stop wana baga yenye hiyo pilipili, Laguna Burger, ni kubwa mtu na mkewe mnagawana. Ukienda Agosti au Septemba utakuta wanazichoma barabarani kwenye matanki ya nyavu yanayozunguka, nunua mfuko, zinakaa vizuri kwenye friza. Kulala maeneo hayohayo kuna eneo la RV la Route 66 Casino, safi, kuna kila kitu, na hakuna anayekulazimisha uingie kucheza kamari.

Kupika ndani ya gari. Unga wa ugali beba kutoka kwenye duka la Kiafrika, usidanganywe na ule wa Maseca uliojaa Walmart, ule mahindi yake yamepikwa na chokaa, utasonga utapata ugali wenye harufu ya tortilla, zile chapati za mahindi za Wameksiko, na watoto wataugomea. Maharage pika nyumbani ugandishe, maana Grand Canyon upande wa kusini ni kama mita 2,100 juu, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, utakaa na sufuria mpaka gesi iishe. Au beba presha kuka.

Na umeme uuelewe kabla hujagombana na mtu. RV nyingi za kukodi ni za ampea 30, hiyo ni kama wati 3,600 kwa kila kitu. AC ikiwaka, ukaweka maikrowevu, akaja mwingine akachomeka birika, inakata giza totoro. Kwetu sheria ni kwamba chai inapikwa kwenye gesi, period.

Grand Canyon yenyewe, upande wa kusini ndani ya hifadhi, pale Grand Canyon Village, kuna kempu mbili za RV. Mather ni nafuu, iko chini ya misonobari, lakini haina umeme wala maji ya kuunganisha na gari likizidi futi 30 haliingii. Trailer Village ni ghali, miti michache, ila unachomeka kila kitu. Kama una watoto wadogo au mgeni mzee chukua Trailer Village, kama ni nyinyi wawili Mather inatosha. Mather inabukiwa kwenye tovuti ya Recreation.gov miezi sita kabla na majira ya joto zinaisha fasta, usisubiri mpaka shule zifungwe. Ukishapaki usilitoe gari, mabasi ya bure ya hifadhi yanakuzungusha mpaka ukingoni.

Umekosa zote mbili? Usirudi nyumbani. Nje ya geti, karibu na kimji cha Tusayan, kuna msitu wa serikali wa Kaibab, unaingia barabara ya vumbi unapaki bure mpaka siku 14. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna pipa la taka, unaingia na tenki la maji limejaa na unatoka na taka zako. Mvua ikinyesha ile vumbi inageuka tope la kunata, RV sio Land Cruiser, paki karibu na lami. Usiku paa wakubwa wanapita pembeni ya dirisha, watoto wanashangilia, wewe hakikisha hakuna chakula nje.

Na lile jambo hakuna anayependa kuliongelea, kumwaga. Vaa glavu. Fungua tenki la choo kwanza, likiisha ndio ufungue la maji ya sinki, yale ya sabuni yanasuuza mpira wa kumwagia. Na hata kama umeunganishwa kwenye bomba la kempu valvu ya choo iache imefungwa mpaka tenki lijae, ukiiacha wazi maji yanatangulia na yale mengine yanabaki yanagandamana chini, na huyo fundi atakayekuja kuyatoa atakulipisha mpaka ulie. Siku ya kurudisha gari fanya hii kazi mapema ukiwa bado mbali na mji, Wichita Falls au hapo kabla, ujaze na gesi hukohuko, kwasababu kampuni nyingi za kukodisha ukirudisha matenki yamejaa wanakukata hela, na foleni ya Jumapili jioni kuingia Dallas ukiwa unatafuta pa kumwaga sikuombei.